Wakuu, mbegu za mpunga zinaniozea majini. Kuloweka na kukausha kunasaidia?

Mkulima_Mngeta: Habari za leo wakuu. Nalima mpunga bonde la Kilombero, ekari 2 za mbegu aina ya Saro 5, za kumwaga. Msimu uliopita nilimwaga, usiku wa tatu mvua ikashuka, maji yakatuama siku 8. Yalipopungua nikafukua kwa kidole: mbegu zimelainika, ukiminya inatoka kitu cheupe kama uji, harufu mbaya. Kwenye kakichuguu pembeni mpunga ulisimama vizuri tu. Nasikia mbegu ikilowekwa kisha ikakaushwa kabla ya kumwaga inapata nguvu ya kutoboa maji. Ni kweli? Bibi yangu alikuwa analoweka, ila yeye aliziotesha kabisa kwenye gunia.

Mama Majaruba: Pole sana mwanangu, najua uchungu wa kumwaga mara mbili. Bibi alikuwa anaotesha. Hiki unachosikia ni kingine. Hapa mbegu inaamshwa, haioteshwi. Loweka saa 24 kwenye maji safi, chuja, tandaza kwenye turubai kivulini, geuza geuza mpaka irudie ukavu wake. Pima kilo kabla ya kuloweka, ukikaribia uzito ule basi. Ukiona kidoti cheupe kimechungulia umechelewa. Hiyo usiikaushe, imwage hivyo hivyo kwenye tope. Na usiiweke stoo muda mrefu, siku chache tu uwe umemwaga.

Mkulima_Mngeta: Asante mama. Sasa ikishakauka, faida si imepotea?

Bwana_Shamba_Mstaafu: Haipotei. Chini ya maji hewa ni haba, na mbegu inaishi kwa wanga wake wa ndani. Ikilowekwa, vimeng'enya vya kuvunja wanga vinaanza kazi. Ukiikausha inasimama pale ilipofika, na shambani haianzi mwanzo. Kwenye maji mpunga hutanguliza kichipukizi cheupe kutafuta hewa, mizizi inafuata baadaye. Kinachowahi kutoka ndicho kinachopona.

Lakini kijana wangu, siku 8 ni nyingi. Kuamsha mbegu kunakupa nafuu kwenye maji ya kina kifupi, hakushindani na mafuriko. Ekari 2 zako zisawazishe, toboa mifereji kwenye mashimo. Pale pa kichuguu shamba lilikuonyesha lenyewe.

Kyela_Kwetu: Mkuu, tafuta mbegu zenye Sub1, jeni ya kuvumilia mafuriko, kama Swarna-Sub1 iliyotolewa India mwaka 2009. Inafunikwa maji wiki 2 na inaamka.

Bwana_Shamba_Mstaafu: Ni kweli, ndugu yangu, ila hiyo ni kwa mche uliokwisha ota. Kwa mbegu inayoota chini ya maji, Sub1 haimsaidii.

Mama Majaruba: Nilisahau: anza na maji ya chumvi. Koroga mpaka yai bichi lielee, mimina mbegu, engua pepe zote (punje tupu zinazoelea), kisha suuza mara mbili. Pepe hata uziamshe vipi hazina cha kula.

Mkulima_Mngeta: Shikamooni wote. Kesho naanza na kilo 5, nusu nitaloweka, nusu hapana, nizimwage kwenye jaruba moja pale penye shimo. Nitaleta picha.