Kongamano la vijana Paray-le-Monial: viza, lugha na mkesha wa maombezi

KijanaWaDodoma

Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 24, niko VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) na pia kikundi cha sala cha Karismatiki Katoliki parokiani kwetu. Agosti natarajia kwenda kongamano la vijana la Jumuiya ya Emmanueli, jumuiya ya Kikatoliki, kule Paray-le-Monial, Ufaransa. Fomu nimeshajaza na barua ya kukubaliwa ninayo. Naomba mnaolijua jambo hili mnieleweshe: siku inakwendaje kule? Mkesha wao wa maombezi unafanana na wa kwetu? Nisipoanguka wakati wa kuombewa itaonekana vipi? Viza wanataka nini hasa? Kifaransa sijui hata salamu, na Kiingereza changu ni cha darasani tu.

MwanaSakristia

Milele na milele, Amina.

Kwanza ujue unakwenda mahali gani, maana wengi hujiandaa kama wanaokwenda mkutano wa injili uwanjani. Paray ni mji mdogo wa hija. Ndipo Bwana alipomtokea Mtakatifu Margareta Maria Alacoque kwenye monasteri ya masista wa Maamkio; tokeo la kwanza kati ya yale makubwa lilikuwa 27 Desemba 1673. Ijumaa ya kwanza ya mwezi mnayoiadhimisha parokiani chimbuko lake ni hapo, na Saa Takatifu ya Alhamisi usiku vilevile. Kikanisa cha matokeo bado kipo, ni kidogo, na adabu yake ni kimya kabisa. Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa lenye masalia ya Mtakatifu Klaudio La Colombière, Mjesuiti aliyekuwa muungamishi wake.

Jumuiya ya Emmanueli ilianza Paris mwaka 1972 kutokana na kikundi cha sala cha Pierre Goursat na Martine Laffitte, na tangu 1975 wanafanya makongamano ya kiangazi Paray. Nguzo zao ni tatu: kuabudu, huruma na uinjilishaji. Kuabudu kunatangulia, na ratiba yote imepangwa kwa mantiki hiyo.

Asubuhi ni sifa, takriban nusu saa hadi dakika 45, nyimbo mfululizo, watu wamesimama. Halafu mafundisho, kisha Misa, ambayo ndiyo kilele cha siku. Mchana kuna warsha, shuhuda na vikundi vidogo vya kushirikishana, na Ekaristi Takatifu imewekwa kwa ajili ya kuabudiwa. Usiku ni mkesha kwenye hema kubwa nyuma ya basilika, yaani kanisa kubwa la hija. Juu ya hayo kuna huduma: kuosha vyombo, kupanga viti, kubeba meza. Kazi hizo usizikwepe. Ndiko mgeni asiyejua lugha hupata marafiki upesi, kwa sababu sahani haihitaji mkalimani.

Kinachoharibika mara nyingi ni usingizi. Mwanzoni mwa Agosti jua la kule huzama karibu saa tatu usiku, mikesha inachelewa, na kijana anataka kuhudhuria kila kitu. Siku ya tatu anasinzia kwenye Misa. Chagua warsha moja kwa siku, mchana mwingine lala.

MwombeziMwanza

Niongezee hapo kwenye maombezi, kwa sababu ndipo vijana wetu wanapochanganyikiwa.

Paray kuna vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mkesha wa huruma: Ekaristi imewekwa, mapadre wengi wanaungamisha pembeni, na mara nyingi padre hupita na monstransi (chombo cha kuonyeshea Ekaristi) katikati ya watu. Wewe piga magoti, nyamaza, mtazame Yesu. Hakuna anayekugusa. Cha pili ni kuombewa na ndugu wawili au watatu. Unaeleza nia yako kwa sentensi moja au mbili, wanakuwekea mkono begani, wanamwita Roho Mtakatifu, wanasifu kwa sauti ya chini, kisha wanafungua Biblia na kukusomea mstari. Basi. Si ushauri nasaha wala si kitubio, kwa hiyo dhambi zako usiwasimulie. Hizo peleka kwa padre. Mstari uliosomewa uandike, upime kwa utulivu baadaye. Usiugeuze kuwa amri ya kuacha kazi au kuvunja uchumba.

Kuhusu kuanguka: ukibaki umesimama hujapungukiwa kitu. Huko hata jambo hilo hawalipi uzito, na Kardinali Suenens, aliyekuwa mlezi mkubwa wa uamsho huu wa Karismatiki tangu miaka ya 1970, alilichukulia jambo hilo kwa tahadhari. Mtu akikusukuma paji la uso, rudi nyuma hatua moja, sema asante, endelea kusali.

Kunena kwa lugha nako kuna namna mbili. Mkutano mzima ukiimba kwa lugha ni sifa, hauhitaji tafsiri. Jiunge au nyamaza. Lakini mmoja akitoa ujumbe kwa lugha mbele ya wote, kanuni ya Mtakatifu Paulo ni ileile ya 1 Wakorintho 14:27-28: wawili au wasiozidi watatu, kwa zamu, na asipokuwepo wa kufasiri, anyamaze kanisani.

Kwa kipimo cha jumla, shika Maagizo ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya 14 Septemba 2000 kuhusu sala za kuomba uponyaji. Yanakataza fujo za kihisia, maigizo na kutafuta mihemko, hasa kwa wanaoongoza, na yanataka sala za kupunga pepo zitengwe kabisa na ibada za uponyaji. Ukiona mlei anapunga pepo wa mtu kwenye kona ya kambi, usishiriki; kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inahitaji padre mwenye ruhusa ya wazi ya askofu.

Jambo la mwisho: dawa za presha, kifafa au za aina yoyote ile usiache kwa sababu umeombewa. Anayesema kinyume hasemi kwa niaba ya Kanisa.

MpangaSafari

Mimi nashika viza na usafiri.

Unaomba viza ya muda mfupi ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa Ufaransa, kwa sababu ndiko utakakokaa siku nyingi. Ukiongeza Roma kwa wiki mbili, hesabu inageuka na maombi yanapaswa kwenda Italia, kwa hiyo amua mapema. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo 15: uamuzi wa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, na kwa safari za Agosti nafasi za miadi hujaa. Peleka Mei.

Ada ni euro 90, hairudishwi ukikataliwa. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, ihusu nchi zote za Schengen, matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani, na tarehe zake zifunike siku zote tangu kutua hadi kuondoka. Bima pungufu kwa siku moja inatosha kukwamisha faili.

Barua ya waandaaji iseme tarehe, mahali pa kulala, na nani analipia chakula. Kama ina neno "umekubaliwa" tu, waandikie uombe iliyokamilika. Barua ya paroko yenye muhuri inasaidia kueleza wewe ni nani, lakini haithibitishi fedha. Parokia ikikufadhili, iambatanishe taarifa yake ya benki na barua ya ufadhili inayotaja kiasi. Taarifa yako mwenyewe iwe ya miezi 3, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: akaunti ilikuwa na elfu arobaini, ghafla wiki moja kabla ya miadi inaingia milioni tano. Ofisa anaona fedha za kuazima. Mchango uingie mapema, na chanzo chake kielezwe kwa maandishi.

Sababu inayotajwa sana kwa vijana kukataliwa ni kwamba nia ya kurudi nyumbani haikuthibitika. Jibu lake ni karatasi, si maelezo ya mdomo: barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na siku ya kuripoti kazini, au barua ya chuo yenye tarehe ya muhula. Ukiwa na biashara, leseni na namba ya mlipakodi. Tiketi ya ndege weka nafasi tu. Usilipe kabla ya viza.

Kufika: ukitua Paris, treni ya mwendokasi inaondokea stesheni iitwayo Gare de Lyon. Iko Paris! Kuna wanaokata tiketi ya kwenda jiji la Lyon wakidhani ndiko stesheni iliko. Unashuka Le Creusot, stesheni iliyo nje ya mji, kisha basi hadi Paray. Ukitua Lyon, kuna treni za mkoa zinazofika Paray zenyewe. Kwa njia zote mbili, Jumapili magari ni machache, kwa hiyo ndege ya kurudi usiipange Jumapili jioni kama kongamano linafungwa Jumapili mchana.

KijanaWaDodoma

Nashukuru sana. Mawili yamebaki. Kuungama nitafanyaje na lugha hii? Na vitu vya kubeba, mama anataka nibebe chakula.

MwanaSakristia

Kuungama: dawati la mapokezi huwa linajua mapadre wanaoungamisha lugha gani. Uliza siku ya kwanza, si usiku wa mkesha foleni ikiwa ndefu. Mapadre Waafrika wanaosoma Ulaya huwa hawakosekani kwenye hija kubwa, na Kiswahili ukibahatika kinapatikana. La sivyo, andika dhambi zako kwa Kiingereza rahisi kabla ya kusafiri, na karatasi uichane baadaye. Kanuni ya 990 inaruhusu hata kuungama kwa mkalimani, naye anafungwa na siri, lakini kijana mwenye Kiingereza cha darasani hahitaji kufika huko.

Kwenye Misa, masomo ya kila siku kwa kawaida ni yaleyale ulimwenguni, hivyo pakua ya Kiswahili kwenye simu kabla ya kuondoka. Kwa mafundisho, ulizia utafsiri wa Kiingereza na ubebe visikizi vya waya.

MpangaSafari

Mwambie mama nyama ya kukausha, samli na maziwa haviingii Umoja wa Ulaya, vitachukuliwa forodhani. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, samaki kwa matumizi yako hadi kilo 20, ila wafunge vizuri, maana hema ni la watu wengi. Karanga na unga viache, chakula kipo.

Beba adapta: plagi zetu ni za pini tatu bapa, zao pini mbili za mviringo. Mchana unaweza kuwa joto kali lakini usiku baridi ya Agosti huwashangaza watu wa Dodoma hata waliozoea Juni ya kwetu, kwa hiyo sweta nzito, soksi na begi la kulalia. Viatu vya mvua pia, uwanja wa nyasi ukilowa ni tope.

IntoreKigali

Nyongeza fupi. Hiyo Jumuiya ya Emmanueli ipo pia Rwanda. Ililetwa mwaka 1990 na Cyprien na Daphrose Rugamba, waliouawa 7 Aprili 1994, na mchakato wa kuwatangaza wenye heri ulifunguliwa 2015. Vijana wa kutoka Kigali huenda Paray kwa makundi, na wengi wanazungumza Kiswahili na Kifaransa. Waandikie waandaaji uombe kikundi kimoja nao. Omba sasa, kwa sababu vikundi vikishapangwa hawapendi kuvibadilisha.