Fayawoli inalalamika kuhusu svchost kila nikiwasha kompyuta, nibonyeze ruhusu?

mgeni_wa_pisi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Kompyuta ya nyumbani ni Windows 10, natumia mimi na watoto, sasa siku hizi kila nikiiwasha kinatokea kidirisha cha fayawoli kinasema imezuia svchost.exe, niruhusu au nikatae. Nikigugo wengine wanasema hiyo ni ya Windows yenyewe ruhusu tu, wengine wanasema kirusi. Halafu bando linakata haraka kweli, na kwenye logi ya fayawoli 192.168.1.1 imezuiwa mara kibao. Kuna mtu ameniingilia?

Fundi_Ruta
Pole mkuu. Hiyo 192.168 isikuumize kichwa, ni anwani ya humo humo ndani, na hiyo 1.1 mara nyingi ndo ruta yako. Cheki namba ya poti (mlango wa mawasiliano) kwenye logi, ukikuta 1900 au 5353 ujue ni vifaa vya nyumbani vinatafutana tu, hata TV na printa zinafanya hivyo.

Kinachonitia wasiwasi ni hicho kidirisha. svchost ya kweli, ile programu ya Windows inayoendesha huduma zake, kwa kawaida haikuombi ruhusa, na inakaa C:\Windows\System32. Soma njia ya faili hapo hapo kwenye kidirisha utuambie.

mgeni_wa_pisi
Inasema AppData\Roaming\svchost.exe. Kijana wangu aliweka gemu la kukraki toka kwenye flashi ya rafiki yake, sijui ndo hilo

kaka_mtandao
Futa hilo faili, risitati, kwisha habari

Binti_Tanga
Kaka hapana, ukifuta faili peke yake mara nyingi linarudi, maana wanaacha kitu kwenye Startup au Task Scheduler (sehemu zinazowasha programu zenyewe) kinachoshusha jingine. Mgeni, hiyo Roaming siyo System32, kwa hiyo inaelekea ni svchost feki, usibonyeze ruhusu, ila pia usidhani ukikataa uko salama, kile kidirisha kinahusu maunganisho yanayoingia tu, fayawoli ya Windows ilivyo toka mwanzo inaachia programu zitoke nje bila kukuuliza, kwa hiyo hilo faili linaweza kuwa linatuma data muda huu na bando lako linakwenda huko.

Fungua cmd (dirisha la kuandika amri) kama admin uandike netstat -ano, tafuta mistari ya ESTABLISHED (maunganisho yaliyo hai) yenye anwani za nje, namba ya mwisho ni PID, yaani namba ya programu inayotumia hilo unganisho, ilinganishe na Task Manager sehemu ya Details. Ikiwa ni hiyo svchost ya Roaming, zima waifai hapo hapo. Halafu Windows Security, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline, itajizima na kuskani kabla Windows haijawaka, kirusi kinapata shida kujificha.

Paswedi za imeili na benki badilisha kwa simu, SIYO kwa hiyo kompyuta, tafadhali sana. Na kama kidirisha kikirudi baada ya hapo, hamisha picha na dokumenti tu, programu usiguse hata moja, upige Windows upya. Sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha Oktoba 14, 2025, kwa hiyo kama mashine inaibeba weka 11 moja kwa moja.

Fundi_Ruta
Naunga mkono. Na kijana mfungulie akaunti yake isiyo ya admin, gemu lijalo likitaka kujiinstoli kwenye mfumo litaomba paswedi yako kwanza.