Wiki moja kwenye mfereji wa Oxford: je, mama mwenye magoti mabovu ataiweza safari?

Msafiri wa Coventry
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi wa Julai tunakusudia kukodi mojawapo ya zile mashua nyembamba za mifereji ya Uingereza, mimi, mume wangu, watoto wawili na mama yangu mwenye umri wa miaka 68, anayekuja kututembelea kutoka Lamu. Tungeanzia Banbury, tuteremke hadi Oxford, kisha turudi, yote kwa siku 7. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika usukani wa chombo chochote, ingawa tumeambiwa kuwa leseni haihitajiki. Je, muda huo unatosha, na je, mama ataweza, ilhali magoti yanamsumbua?

Baharia Mstaafu
Waaleikum salaam, binti yangu. Muda unatosha, mradi usiupime kwa maili peke yake. Mwendo unaoruhusiwa hauzidi maili 4 kwa saa, na mbele ya mashua zilizofungwa kando hupunguzwa zaidi, la sivyo mawimbi yako yatazing'oa kamba zake. Kinachokula muda ni malango ya maji, yaani vile vyumba vya mawe vinavyojazwa na kutolewa maji ili chombo kipande au kiteremke kilima. Sisi huhesabu kila lango kuwa sawa na maili moja, tukajumlisha na kugawanya kwa 3: maili 20 na malango 10 ni muda wa saa 10, bila kuhesabu chai. Amueni mapema pia mtakapogeuzia, kwa sababu mashua ya mita 18 ni ndefu kuliko upana wa mfereji, nayo hugeuka mahali palipopanuliwa tu.

Kuhusu uendeshaji, mama yako huenda akawafundisha nyinyi, maana kana, ule mti wa usukani, ni ileile ya jahazi: ukiisukuma kushoto, omo, yaani mbele ya chombo, huenda kulia. Mkikwama kwenye matope, pondo ya kusukumia imelazwa juu ya paa.

Mama Wawili
Dada yangu, mimi nilisafiri huko na mama mkwe, kwa hiyo nitasema ya magoti. Ndani ya mashua hapamsumbui mtu, kwani upana ni kama mita 2 tu na kila mahali pana pa kushika; taabu ni vile vidato vya kushukia ndani, na kuruka ukingoni wakati wa kufunga kamba. Yeye akae omo na kikombe chake cha chai, awaachie vijana kazi ya kuzungusha vyuma vya kufungulia maji na kusukuma milango ya vyumba vile. Madaraja ya mbao ya kuinuliwa nayo yanataka uzito wa mtu mzima, wala msimtume mtoto.

Jambo ambalo ningependa mlichukulie kwa uzito kuliko magoti ni kizingiti. Mnapoteremka ndani ya lango, chini ya maji nyuma yenu pana kizingiti cha mlango wa juu, na mstari mweupe ukutani huonyesha kinapoishia. Mume wangu aliusahau katika lango la Somerton, ambalo kina chake kinapita mita 3: maji yakashuka, omo ikashuka nayo, tezi ya nyuma ikabaki juu ikikwaruza mawe, na vikombe vikaanza kuteleza mezani kimoja baada ya kingine. Niliteremsha upesi vizibo, yaani vile vibao vinavyozuia maji yasitoke, tukafungulia maji ya juu kidogo kidogo, mashua ikaelea tena. Tangu hapo mama mkwe alijipa kazi ya kuutazama mstari huo, na hakuna aliyethubutu kugusa kizibo kabla hajainua mkono.

Msafiri wa Coventry
Ahsanteni sana, mzee wangu na dada yangu. Nimempigia mama simu. Mstari ameukubali, ila anasema kana pia ni yake.