Nyanya zanyauka mchangani Bagamoyo: baada ya masika nipande nini?

Mkaole:
Wakuu, salaam. Uwanja wangu uko karibu na bahari, mchanga mtupu. Nyanya za kiangazi zilichanua, maua yakapukutika. Kisha miche ikawa inalala mchana na kuinuka jioni, mwisho ikafa. Sasa ni mwisho wa Aprili. Nisie nini?

BustaniPwani:
Maua yalipukutika kwa joto. Usiku wa kaskazi ukiwa nyuzi 24 au 25, nyanya hazishiki matunda hata umwagilie vipi. Huku kwetu nyanya ni zao la kipupwe: sia sasa kwenye kitalu chenye paa la nailoni, miche ihamie tutani mwanzoni mwa Juni ikiwa na majani manne au matano, sentimita 60 toka shina hadi shina.

Kunyauka ni jambo jingine. Ng'oa shina linaloanza kulegea, osha mizizi. Ukikuta vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, visivyobanduka kwa ukucha, ni minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Mchanga ndio makazi yake. Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina la chini, kining'inize kwenye glasi ya maji. Utomvu mweupe ukichuruzika kama uzi ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kuutibu. Tuta hilo lisione nyanya, biringanya, pilipili wala nyanya chungu kwa miaka kadhaa, weka mahindi.

Chumbageni_Tanga:
Wakati miche inakua, tumia mvua: bamia (loweka mbegu usiku kucha) na matembele, vipande vya sentimita 30, vifundo viwili au vitatu vizikwe. Chainizi ngoja Juni.

Kusi nalo linaleta chumvi majanini. Weka ua wa makuti yenye upenyo upande wa bahari. Ukuta mzima huupindua upepo ukaangukia bustanini.

BustaniPwani:
Bamia hapana, kaka, kama vinundu vimeonekana. Minyoo fundo inaipenda sana bamia pia. Hapo panda karanga.

Mkaole:
Nimeng'oa, vinundu vipo. Na mbolea ya nyanya?

Chumbageni_Tanga:
Samadi iliyooza kabisa, viganja viwili vilivyojaa kila shimo, uchanganye na udongo. Mbichi itaunguza mizizi. Tandaza nyasi kavu, mwagilia asubuhi bila kuruka siku. Maji yakija kwa vipindi, matunda yataoza kitako. Ila yaonje kwanza maji ya kisima: yakiwa na chumvi, vuna ya mvua sasa hivi.