MREJESHO: Uturuki kwa pikipiki, barabara za vijijini

Wakuu, habari zenu. Niliomba ushauri wa kuzunguka Uturuki kwa pikipiki bila kupita barabara kuu. Nimerudi salama, asanteni sana.

Nilikodi pikipiki Antalya, nikaiacha kabisa D400, barabara kuu ya pwani, kama mlivyosisitiza. Nilipanda milimani kupitia Sütçüler hadi ziwa Eğirdir, kisha Beyşehir. Aliyeniambia nisipite Beyşehir bila kuingia msikiti wa Eşrefoğlu, Mungu akubariki: nguzo za mbao za karne ya 13 bado zimesimama! Nikaendelea Ihlara, nikaishia Göreme. Kuna asubuhi niliendesha karibu saa nzima nikakutana na trekta mbili tu.

Ushauri wa kujaza mafuta tanki likifika nusu uliniokoa, maana milimani sheli ni chache. Mbwa wa wachungaji wapo kweli, wakubwa, na wanakimbilia tairi. Nilipunguza mwendo mapema, nikawapita taratibu.

Ramani ya simu ndiyo iliyoniangusha. Nilipoiambia ikwepe barabara kuu, ilinipeleka njia ya mawe, nikaanguka kwenye kona na kuvunja mkono wa klachi. Siku nzima ikaishia gereji. Pia kuna barabara zilizomwagiwa kokoto juu ya lami mbichi. Hapo usishike breki ya mbele kwa nguvu.

Mji wa Kemaliye, mliouspendekeza pia, sikufika. Siku 10 hazikutosha, ni mbali mno mashariki. Anayeitaka Taş Yolu, ile barabara ya huko iliyochongwa kwenye miamba, aanzie safari upande huo, si Antalya.