Kangaga la mti kwenye ndoo limedumaa, majani yanazidi kuwa mafupi

mama_kibaraza
Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada. Nina kangaga la mti, yale makubwa yenye shina kama kamnazi kadogo, nililinunua kwa kijana anayeuza maua barabarani huku Tegeta mwaka jana mwezi wa tano likiwa na majani tisa yametanuka kama mwavuli, leo yamebaki manne. Chipukizi linatoka limejikunja vizuri na manyoya yake ya kahawia, nafurahi, baada ya wiki mbili linafunguka nusu ncha inakuwa nyeusi inakauka. Lipo kwenye ndoo ya lita 20 nimeitoboa chini, udongo mweusi na samadi ya ng'ombe, namwagilia kila asubuhi maji ya kisima, jua linalipiga mpaka saa sita. Urea nimeweka mara mbili. Nalipenda sana hili ua jamani nakosea wapi

fundi_miche
Dada urea acha kabisa!! Mizizi ya kangaga ni myembamba kama nywele, mbolea kali inaiunguza. Na hilo jua la Dar la saa nne mpaka saa sita ni kali mno, lipeleke chini ya mwembe leo leo

msambaa75
Mimi niko Lushoto, kama mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huku yanaota yenyewe mabondeni kandokando ya vijito, kwenye ukungu na kivuli, sasa umeliteremsha mpaka kwenye joto la pwani lazima ulibembeleze. Kitu ambacho wengi hawajui, ule uzi mweusi mweusi uliolizunguka shina kwa chini ni mizizi, siyo gome. Ukimwagia kwenye udongo tu shina likabaki kavu umelinywesha nusu, mimi nalirushia maji shina zima asubuhi na jioni. Ila nikuulize, hayo maji ya kisima sabuni inatoa povu? Na mdomo wa ndoo una ukoko mweupe?

mama_kibaraza
Povu halitoki kabisa kaka, na ukoko upo, nilidhani ni chokaa ya ukutani

msambaa75
Basi ndiyo hiyo. Chumvi inajikusanya kwenye udongo kila siku unapomwagilia, na inaunguza ncha za majani. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, hata kama hayatoshi yabaki ya kangaga peke yake. Udongo badilisha, weka majani yaliyooza na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ila makumbi uyaloweke na kuyasuuza kwanza maana nayo huwa na chumvi.

wa_limuru
Niko na mbili hapa Limuru. Hiyo ndoo umetoboa mashimo ngapi? Itoe uangalie mizizi, na ukirudisha usizike shina chini kuliko lilivyokuwa

mama_kibaraza
Nimeitoa leo. Mashimo mawili tu na yote yameziba, udongo wa chini umeshikana kama tofali na unanuka, mizizi ya huko ni myeusi ukiivuta inachunika inabaki kauzi, ya juu karibu na shina ndiyo ina ncha nyeupe. Nimesikia uchungu kweli. Nikate hiyo myeusi au niache?

msambaa75
Kata yote inayochunika, kwa kisu kisafi, yenye ncha nyeupe usiiguse. Toboa mashimo kumi, ndoo ikae juu ya matofali maji yatoke. Mbolea hakuna mpaka lichangamke. Majani yaliyoungua hayaponi, yaache hivyo hivyo bado yanalilisha. Na usikate tamaa chipukizi linalofuata likitoka dogo, hilo lilishajitengeneza ndani ya kilele kabla hujabadilisha maji, angalia la pili au la tatu.

mama_kibaraza
Ahsante sana kaka, pipa nimeshaliweka chini ya mfereji wa bati.