Tupeane uzoefu: Kuchanganya udongo wa viriba na ndoo huku Mtwara na Lindi

Mwanzisha mada, Mikindani
Ndugu zangu, ninaomba tupeane uzoefu wa kuchanganya udongo wa kupandia mboga kwenye ndoo na miche kwenye viriba (vifuko vya kuoteshea) nyumbani. Kipimo tunachokisikia sana, yaani udongo wa juu madebe matatu, samadi debe moja na mchanga debe moja, kinafaa penye mfinyanzi. Kwetu, ambako ardhi yenyewe ni kichanga, kuongeza mchanga ni kuyafungulia maji njia yapite. Nafasi ya mchanga nimeipa udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa, ambao ninauponda na kuuchekecha, kwa kuwa una mfinyanzi wa kushika maji na mbolea. Nikishachanganya, ninaulowesha kidogo na kuufumbata. Donge likibaki na alama za vidole kisha likavunjika ninapoligusa, ninajaza ndoo. Likisambaratika lenyewe, ninaongeza kichuguu au mboji. Likinata kama la kufinyangia chungu, ninaongeza makapi ya mpunga.

Mchangiaji, Nachingwea
Mimi ninatumia samadi ya mbuzi, na ninasisitiza iwe imeiva, kwa sababu iliyo mbichi huunguza mizizi. Ninairundika pamoja na majani makavu, ninailowesha, ninaifunika na kuigeuza kila wiki, ili ya pembeni nayo ipate zamu ya kukaa katikati, ambako joto likifika nyuzi 55 hadi 65 mbegu nyingi za magugu na minyoo fundo (ile midogo inayovimbisha mizizi) hufa. Sina kipimajoto, ninachomeka kipande cha nondo, na kikitoka hakishikiki, ninajua kazi inaendelea. Rundo likigeuzwa lisipande joto tena, samadi iko tayari.

Mchangiaji, Mtwara Mjini
Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hushika maji vizuri mno, ila yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yamejaa chumvi, kwa hiyo ninayaacha yanyeshewe masika nzima kabla ya kuyatumia. Maranda mabichi ya mbao siyatii kabisa: yakiwa yanaoza huila nitrojeni ya mmea, yaani kirutubisho cha majani, na mchicha hugeuka manjano.

Mchangiaji, Newala
Maganda ya korosho tusiyatie, jamani, hata kama yanapatikana bure, kwani mafuta yake huchoma ngozi, na sioni mizizi michanga itayastahimili vipi. Jambo la pili ni udongo wa chini ya mikorosho, ambao wengi huuchota kwa sababu una majani yaliyooza. Mikorosho iliyopuliziwa salfa ya unga kwa miaka mingi, kwa ajili ya kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), huacha tindikali ardhini, na mboga nyingi haziipendi. Kwa mboga ninachota penye kichaka kisichopuliziwa.

Mwanzisha mada, Mikindani
Ahsante sana, ndugu yangu wa Newala. Kwa aliye na udongo wa mikorosho pekee, majivu yanaweza kusaidia?

Mchangiaji, Newala
Yanasaidia. Ninatia konzi moja ya majivu ya kuni kwa ndoo ya lita 20, wala sizidishi, kwa sababu majivu hupunguza tindikali, na yakiwa mengi huharibu kwa upande wa pili, yaani kinyume cha tindikali. Ninayachanganya na udongo kwanza na kuulowesha, kisha ninauacha wiki kadhaa kabla ya kutia samadi, kwani majivu yakikutana na samadi moja kwa moja, nitrojeni hupotea hewani, na utaijua kwa harufu kali inayowasha pua.